Joto la Ofisini

Siku Kasuku alipoanguka darasani, daftari la joto la shule lilisema kulikuwa na nyuzi ishirini na tano. Ishirini na tano, tena kwa wino wa bluu, namba zimesimama wima kama askari wa gwaride. Na mwandiko ulikuwa wa mama yake mzazi.

Ni vizuri kuanzia hapo, maana wengi wakisimulia habari hii huanza na mwalimu mkuu, wakamtwisha mzigo wote, kisha wakaenda zao kulala. Mwalimu mkuu ana lake, tutalifikia. Wakubwa nao wana lao, tena kubwa zaidi. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mama, na mama mwenyewe hajawahi kulikana hilo.

Alikuwa mfagiaji wa shule ile ile aliyosoma binti yake. Watoto walimwita Mama Usafi, walimu wakafuata, mpaka jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kadi ya kliniki peke yake. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, saa kumi na mbili na nusu, na bonge la funguo kiunoni. Alifungua madarasa, akapiga deki korido, akamwaga maji vyooni kama yapo, na saa moja kamili akaingia ofisi ya mwalimu mkuu kufuta vumbi. Binti yake alikuwa darasa la saba. Waliomwita Kasuku hawakumsingizia: mtoto alikuwa na mdomo, akianza kuongea asubuhi anaosha vyombo, huachi kumsikia mpaka anavua viatu jioni.

Mwaka ule joto lilikuja vibaya. Si kwamba watu hawakuwa wakilijua joto, walilijua tangu kuzaliwa, lakini hili lilikuwa la namna nyingine. Lami ilinata kwenye soli. Mishumaa iliyeyuka na kupinda kabatini bila kuwashwa. Mabomba yalikohoa hewa mchana kutwa. Wazee wawili wa mtaa wa nyuma walifia ndani ya vyumba vyao katika wiki moja, na watu wakasema ni presha.

"Nchi yetu imejiandaa," redio ilisema kila asubuhi, kabla ya salamu na baada ya salamu.

Na kweli ilikuwa imejiandaa, kwa karatasi. Kulikuwa na mpango wa taifa wa kukabili joto kali, kitabu kinene cha kurasa mia mbili na kitu, na kwenye jalada wamechora jua linacheka. Mpango ulisema kila shule itapewa kipimajoto. Shule ikizidi nyuzi thelathini na sita saa nane mchana kwa wiki nzima, watoto watatoka saa tano asubuhi, na shule itaingia kwenye orodha ya kupigiwa dari na kuletewa tangi la maji. Ukiusoma hivyo, utasema waliouandika ni watu wenye watoto.

Kipimajoto kililetwa na gari jeupe. Kilikuwa kimashine kidogo cheupe chenye kioo cha namba, kinatosha kiganjani. Mwalimu mkuu alikitia saini mahali patatu. Kikaratasi kilichokuja nacho kilisema kiwekwe "mahali salama." Hakikusema kiwekwe walipo watoto. Kilisema mahali salama, basi.

Sasa, mahali salama pa shule ile palikuwa pamoja tu: ofisini. Ukuta mnene, dari ya mbao, pazia zito, feni, na mlango wenye kufuli mbili. Mwalimu mkuu alikitundika juu ya kabati la mafaili, akarudi nyuma hatua mbili akakitazama kama mtu aliyetundika picha ya harusi.

"Hapa hata mwizi mwenye digrii hafiki," alisema. Kisha akageuka. "Mama Usafi, uliishia darasa la ngapi wewe?"

"La saba, mwalimu."

"Namba unaziona vizuri?"

"Naziona. Macho ndiyo yaliyobaki mazima."

"Basi kila asubuhi ukifuta vumbi, soma hapo, uandike kwenye daftari hili. Tarehe, muda, nyuzi. Muda andika saa nane mchana."

"Nikisoma saa moja, niandike saa nane?"

"Ndivyo fomu inavyotaka, mama. Saa nane mimi niko darasani au kwenye vikao, na ofisi imefungwa. Nani atakuja kuifungua kwa ajili ya namba moja? Andika tu."

Akaandika. Na hapa kuna jambo ambalo mtu aliyesoma sana hatalielewa upesi. Tangu atoke darasa la saba, hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike kitu. Alitia saini ya mshahara, alitia dole gumba kliniki, basi. Leo amepewa daftari lenye mistari na kalamu yenye kifuniko. Alinawa mikono kabla ya kuishika. Aliandika taratibu, ulimi umetoka pembeni, na mwalimu mkuu alipopita akachungulia, akasema, "Mwandiko huu unawashinda walimu wangu wawili, sitawataja." Mama Usafi alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Saa ya nane na saa ya moja hakuziwaza tena. Aliona ni mambo ya fomu.

Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na nne. Miezi miwili hivyo. Ikafika barua ya pongezi: shule yao ilikuwa na mazingira bora kuliko zote wilayani. Waliiweka kwenye fremu. Tangi lililokuwa lije kwao likapelekwa kwingine, kwa wenye shida.

Darasa la saba lilikuwa la mwisho kabisa kwenye safu, wazazi walilijenga kwa kujitolea, bati tupu bila dari, madirisha ni matundu ya tofali. Watoto hamsini na wanane ndani. Mchana bati lilikuwa linalia ta, ta, ta, kama mtu anavunja njugu juu yake. Kasuku alilalamika nyumbani, lakini Kasuku alilalamikia kila kitu, hata kitana.

"Mama, leo rula yangu imepinda."

"Umeikalia."

"Sijaikalia! Imepinda yenyewe mezani. Wallahi, mama, mle ndani unaweza kukaanga yai."

"Kaanga basi, utuletee tule. Kunywa maji, kaa kimya, mtihani uko mlangoni."

"Maji yapi? Bomba la shule tangu Jumatatu linapuliza filimbi."

Alimwambia akae kimya. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma baadaye kuliko yote.

Ilikuwa Jumanne, saa nane kasorobo. Mama Usafi alikuwa anakunja matambara koridoni, akasikia viti vinaburuzwa na watoto wanapiga kelele darasa la mwisho. Alikimbia, na moyo ulikuwa umeshamwambia kabla ya miguu kufika. Kasuku alikuwa amesimama kujibu swali la hisabati, akasema maneno ambayo hayakuwa hisabati wala kitu kingine, akaenda chini na dawati lake. Ngozi ilikuwa kavu, inaunguza kama sufuria iliyoachwa jikoni bila maji. Macho yalikuwa wazi lakini hayamuoni mtu.

Alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mtoto wa miaka kumi na mitatu, miguu inaning'inia.

Muuguzi wa zahanati hakuuliza maswali mengi. Alimvua viatu, akamfunika kwa shuka mbichi, akatundika dripu, akampepea kwa jalada la faili. Saa nzima ikapita. Kasuku akageuza shingo.

"Mama," alisema, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili, "ubao ulikuwa unatembea."

Kisha akanyamaza. Kasuku, akanyamaza! Mama Usafi alitamani mtoto amlalamikie chochote, hata kitana.

"Huyu wa nne kutoka shuleni kwenu mwezi huu," muuguzi alisema, akimvuta mama pembeni. "Wale watatu walizimia tu, wakapata maji wakarudi. Huyu wako joto limempiga mpaka ndani. Nisikilize vizuri, dada yangu. Mwili wake sasa hivi hauna breki. Akirudi kwenye tanuri hilo ndani ya wiki hizi, akaanguka mara ya pili, figo zinaweza kukataa. Na mimi hapa sina mashine ya figo. Nina jalada la faili."

"Nimzuie nyumbani?"

"Nyumbani kwenu kuna nini juu?"

"Bati."

Muuguzi akatazama pembeni. "Basi angalau nyumbani unaweza kumkalisha nje."

Lakini mtihani wa taifa ulikuwa wiki saba mbele, na asiyehudhuria siku zinazotakiwa hafanyi. Yaani mtoto achague: akose mtihani au akose figo. Mama Usafi alilizungusha hilo kichwani usiku na mchana, likakataa kukaa sawa.

Kesho yake alikwenda ofisini, safari hii bila tambara. Akapiga hodi kama mzazi.

"Mwalimu, nimekuja kuomba darasa la saba watoke saa tano. Mpango si unasema? Redio kila siku inasema."

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa chini ya feni, koti begani. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye cheo huumiza watu kwa ustaarabu mkubwa. "Pole sana kwa binti," alisema. "Nimesikitika kweli. Lakini mpango unasema zaidi ya thelathini na sita, mama. Sisi tuna ishirini na tano. Nikiwatoa watoto wakati namba hairuhusu, nitaulizwa."

"Ishirini na tano ya wapi? Mtoto wangu ameungua!"

Mwalimu mkuu alifungua droo, akatoa daftari, akaligeuzia upande wa mama. "Hebu niambie. Huu mwandiko wa nani?"

Mama Usafi alilitazama. Kurasa na kurasa. Jumanne ile ile, saa nane mchana, ishirini na tano, na mkia wa tano ameuzungusha vizuri. Alitoka mle ndani amenywea, kanga ya begani inaburuza.

Hata hapo, na hili halikwepeki, bado hakuwa ameelewa. Alijua amedanganya saa, lakini aliamini kimashine. Alidhani labda mwanawe ana ugonjwa mwingine. Mtu akionyeshwa namba, tena ya serikali, tena ameiandika mwenyewe, huanza kuitilia shaka ngozi yake.

Aliyemfungua macho ni jirani yake, mfuga kuku, mtaa mzima unamwita Mama Vifaranga. Alikuja na mayai matatu ya kumpa mgonjwa pole, akamkuta shoga yake amekaa kizingitini ameshika tama. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja," akasema. "Hicho kimashine kimetundikwa wapi?"

"Ofisini kwa mwalimu mkuu. Juu ya kabati."

"Mwalimu mkuu anasomea darasa la saba?"

"Shoga, usinitanie, sina hali."

"Sikutanii. Inuka, twende bandani kwangu."

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, vifaranga mia mbili wa siku nne, wanalia kama mvua ya changarawe. Kulikuwa na kipimajoto cha kioo, kimefungwa kwa uzi, kinaning'inia chini kabisa, karibu na maranda, hata kifaranga angeweza kukidonoa.

"Kwa nini umekishusha hivyo?" Mama Usafi aliuliza.

"Kwa sababu vifaranga wako chini! Nikikitundika juu pale dirishani, kitaniambia mambo ya dirishani. Mwanzo nilifanya ujinga huo, wakafa themanini kwa mchana mmoja, nami nasoma namba nzuri. Unapima pale anapovutia pumzi. Na unapima jua likiwa kali, si alfajiri. Nani anapima joto la vifaranga sebuleni kwake, saa moja asubuhi, amekaa na feni?" Akamtazama rafiki yake usoni, akaacha kucheka. "Ee. Kumbe wapo."

Mama Usafi alishika nguzo ya banda. Kuku wana kipimajoto kwenye pua. Watoto hamsini na wanane wamepimiwa kwenye kabati la mafaili.

"Nipe maji ya kunywa," alisema. "Kesho nina kazi."

Kesho yake, saa nane kasoro dakika kumi, mwalimu mkuu akiwa kwenye kikao cha walimu, Mama Usafi alifungua kufuli zote mbili. Alikitungua kimashine, akakifunga ndani ya upindo wa kanga, akaenda nacho darasa la mwisho. Watoto walikuwa wameegemea madawati kama nguo zilizoanuliwa. Akakiweka juu ya dawati la Kasuku, lililokuwa tupu, akasubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani. Namba zilipanda mbele ya macho ya darasa zima, watoto wakizihesabu kwa sauti kana kwamba ni mpira. Thelathini na tatu. Thelathini na saba. Arobaini. Zikasimama arobaini na mbili.

Aliandika pale pale dawatini. Saa nane mchana. Darasa la saba. Arobaini na mbili. Jasho lilidondokea karatasi, nne ikavimba, hakuifuta.

"Mama Usafi!" Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. "Hiyo ni mali ya serikali!"

"Na hawa je?" Alionyesha watoto kwa kidevu. "Hawa ni mali ya nani?"

"Usinijibu mbele ya wanafunzi. Rudisha ofisini. Na huo ukurasa utauandika upya. Afisa wa wilaya anakuja Alhamisi kukagua daftari. Akiona namba imeruka hivyo, mimi nimekwisha, na wewe umemwaga unga. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Utauandika upya?"

"Nimesema nimekuelewa. Sijasema nitauandika."

Siku mbili zile maji yalimfika shingoni. Mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha. Baba yake Kasuku ni utingo wa malori ya mbali, huja na kuondoka, na anapokuja huja na nguo chafu. Mama Usafi alimtazama binti amekaa kivulini kwa ukuta, kitabu mapajani, hageuzi ukurasa, hasemi. Akajua kwamba akiuandika upya ule ukurasa, Jumatatu atamrudisha mtoto kwenye lile bati kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyompeleka kwa mkono huo huo mara ya kwanza.

Alhamisi wazazi waliitwa saa tatu. Afisa, kama desturi ya wakubwa, alifika saa saba na nusu, na hiyo ndiyo huduma ya pekee aliyowafanyia siku ile. Angekuja saa tatu, mambo yangekuwa ya baridi. Wazazi kama arobaini walikuwa wamekaa barazani na ndani ya vivuli vyembamba, wamekereka, Mama Vifaranga akiwemo, ingawa hakuwa na mtoto pale. Alisema amekuja kuangalia banda la wenzake.

Afisa alifungua daftari, akapitisha kidole, kidole kikagonga arobaini na mbili.

"Hapa pana hitilafu," alisema. "Joto haliwezi kupanda nyuzi kumi na saba kwa siku moja. Kifaa kimeharibika. Nitaondoka nacho kikatengenezwe."

"Kitarudi lini?" mzazi mmoja aliuliza.

"Taratibu zikikamilika."

"Na mpaka zikamilike?"

"Mpaka hapo shule itahesabiwa kwa wastani wa nyuma. Ishirini na nne nukta sita. Ni wastani mzuri sana, nawapongeza."

Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Usafi alipiga moyo konde, akasimama.

"Kifaa ni kizima, bwana mkubwa," alisema. "Kibovu ni mimi."

Watu wakageuka.

"Namba zote za nyuma nilizisoma saa moja asubuhi, mle ofisini, kando ya feni. Nikaandika saa nane. Niliambiwa niandike hivyo, nami nikaandika, na sikuuliza mara ya pili. Hiyo moja tu, arobaini na mbili, ndiyo niliyoisoma saa nane, pale wanapokaa watoto."

Mwanamke mmoja wa nyuma akapasua: "Yaani wewe mama! Na wako si yumo humo humo?"

"Yumo humo humo," Mama Usafi alisema. "Ni wangu ndiye aliyeanguka."

Afisa akapata nafuu usoni, kama mtu aliyetolewa mwiba. "Kumbe ni uzembe wa mfagiaji," alisema, akatoa kalamu. "Hilo linaeleweka."

"Andika uzembe wangu, bwana. Nitautia saini, sitakimbia. Lakini ukauandikie darasa la saba."

"Kwa nini darasa la saba?"

"Kwani kuna nini, bwana? Ni ishirini na nne nukta sita."

Barazani mtu akaguna, mwingine akacheka, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Afisa hakuwa na pa kupita ila mbele. Wakampeleka wamemzunguka kama bwana harusi. Watoto walikuwa wametolewa nje kupisha mkutano, darasa lilikuwa tupu, bati linapasuka ta, ta, ta. Alikaa kwenye dawati la Kasuku, magoti yamegusana na ubao wa chini. Mama Usafi akaweka kimashine mbele yake, akasimama mlangoni.

"Kipindi kimoja ni dakika arobaini," alisema. "Watoto hukaa vinne mfululizo."

Dakika ya tatu alilegeza tai. Dakika ya sita karatasi iligandamana na mkono wake. Akajaribu kuandika, kalamu ikateleza, akaipangusa kwenye suruali, ikateleza tena.

"Pana maji?" aliuliza.

"Bomba liko pale nje," Mama Vifaranga alimjibu kwa upole. "Linapuliza filimbi."

Dakika ya tisa aliinuka bila kuaga, akatoka nje ameshika ukuta. Kimashine kilisema arobaini na moja. Hakuna aliyemcheka, maana rangi yake ilikuwa mbaya, na Mama Usafi alikuwa ameshaiona rangi ile wiki iliyotangulia kwenye uso mwingine. Yeye ndiye aliyemletea chupa ya maji kutoka ofisini.

Pale pale barazani afisa akaandika amri: madarasa yote yafungwe saa tano, kuanzia kesho, mahudhurio ya wanafunzi wagonjwa yasikatwe, na kimashine kibaki shuleni. Kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo namba zitaangaliwa tena, zikiwa chini ya thelathini na sita, ratiba ya kawaida itarudi. Wazazi wakapiga makofi. Mama Usafi hakupiga. Alikuwa anayasoma tena yale maneno ya mwisho.

Jumatatu alipewa barua ya kuachishwa kazi, kwa kuandika takwimu zisizo sahihi. Mistari minne. Mwalimu mkuu alimpa kwa mikono miwili, macho pembeni.

"Mama Usafi, nielewe. Mimi nina wakubwa juu yangu."

"Na mimi nina mtoto chini ya bati," alimjibu, akaweka funguo mezani moja moja.

Wiki ile ile redio ikasema: kasoro ndogo ya kibinadamu iliyojitokeza katika shule moja imerekebishwa, na nchi inaendelea vizuri na mpango wake. Kasoro ya kibinadamu! Binadamu mwenyewe alikuwa jikoni kwake anaosha sufuria, akasikia, akaacha maji yanamwagika. Hakuna aliyeulizwa nani aliandika "mahali salama." Hakuna aliyeulizwa shule nyingine mia tatu zimetundika vimashine vyao wapi, na kwenye viwanda wametundika wapi, na wodini wametundika wapi. Mfagiaji amefukuzwa, basi joto limepungua. Mwenye mtoto shuleni asikubali kuambiwa ni nyuzi ngapi. Aulize zimepimwa wapi, saa ngapi, na aliyepima alikuwa amekaa kwenye kiti gani.

Kasuku alirudi darasani wiki tatu baada ya amri ile. Asubuhi ile mama yake alimsindikiza mpaka getini saa kumi na mbili na nusu, na kwa mazoea miguu ikampeleka stoo ya mafagio. Akamkuta msichana mpya koridoni, bado mbichi kazini, bonge la funguo kiunoni linamzidi uzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyechukua kazi?"

"Ndiyo, mama. Wiki ya pili."

"Na daftari la joto anaandika nani?"

Msichana akatabasamu, fahari ikamjaa mashavuni. "Mimi, mama. Mwalimu mkuu anasema nina mwandiko mzuri."

Mama Usafi akamsogelea. "Kimashine kiko wapi?"

"Ofisini, juu ya kabati. Nasoma saa moja nikifuta vumbi."

"Na muda unaandika saa ngapi?"

"Saa nane." Tabasamu likaanza kuyumba. "Ndivyo fomu inavyotaka. Kwani vipi, mama? Nimekosea?"

Jana yake msichana alikuwa ameandika ishirini na nne. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi wa amri uishe, na namba zile ndizo zingewarudisha watoto chini ya bati mpaka saa tisa. Kasuku alikuwa ameshaingia, sauti yake inasikika kutoka darasa la mwisho, anamsimulia mtu jambo refu.

"Hujakosea bado," Mama Usafi alisema. "Leo usiandike kitu. Ukurasa uache mweupe. Saa nane kasoro robo uwe na funguo mlangoni, mimi nitakuwa hapa. Tutakitoa wawili, tutakipeleka kule mwisho, tutasoma wawili, utaandika wewe, na mimi nitatia saini chini ya kila namba."

"Mama, watanifukuza!"

"Wakikuuliza, sema mzazi wa darasa la saba kakulazimisha. Nitaje mimi. Kazi walishaninyang'anya, hawana cha pili cha kuchukua. Umama hauna barua ya kuachishwa."

Msichana alishika funguo zisilie. "Na kesho?"

"Kesho nitakuja. Na kesho kutwa. Mpaka wachoke wao."

Saa nane kasoro robo alikuwa mlangoni, na wazazi wawili wengine, na Mama Vifaranga na kile kipimajoto chake cha kioo, eti kuhakikisha. Msichana alichelewa dakika tano. Kisha wakasikia funguo koridoni, anakuja, anatembea haraka.